Sheria Ilipobisha Hodi Nyumbani Mwetu

Miaka michache iliyopita, siku ya Jumatatu, binti mmoja alifika ofisini kwetu usharikani akiwa na begi dogo mkononi. Alitusalimu, tukamwitikia, akakaa ukingoni mwa kiti bila kuegemea. Alikuwa amefanya kazi za ndani kwa karibu miaka miwili katika nyumba ya mmoja wa washarika wetu. Mshahara wake, alisema, alikuwa anawekewa na mama mwenye nyumba ili asiuchezee, akabidhiwe wote siku atakayokwenda kwao. Sasa mama yake mzazi alikuwa mgonjwa kijijini, naye alipoomba fedha zake akafanyiwa hesabu. Sabuni, mafuta, nguo ya Krismasi, dawa ya malaria na sahani zilizovunjika vilitolewa humo. Iliyobaki ilitosha nauli.

Hakuja kushitaki. Alituomba tuzungumze na mama. "Huwa anasema mimi ni mwanawe," alituambia, "labda Mchungaji akimwambia atasikia."

Tulikwenda. Tukakaribishwa chai. Mama alitueleza kwa upole kwamba binti yule ni mtoto wa nyumbani, na kwamba mambo ya fedha ndani ya familia huwa hayahesabiwi senti kwa senti. Tuliomba, tukaaga. Kesho yake tukamwambia binti avumilie, Mungu ataugusa moyo wa mama. Alitushukuru. Wiki hiyo akapanda basi na nauli yake, na hatujamwona tena.

Hatukuwa tumemwuliza mama swali hata moja: alikubaliana na binti shilingi ngapi kwa mwezi, na miezi mingapi imelipwa. Swali hilo tunaliuliza kila mwaka kwa mtunza hazina wa usharika. Kwa nini lilitushinda sebuleni? Kwa kulitafutia jibu tulianza kusoma historia ya kazi ya nyumbani na sheria zake, kwetu na katika nchi nyingine. Tuliyoyakuta tunawashirikisha hapa, wapendwa, kwa sababu yanamhusu karibu kila mmoja wetu mwenye jiko, watoto na mtu wa kumsaidia.

Uhuru uliomsahau aliye ndani

Tuanzie pwani yetu. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Uingereza, alilifunga soko la watumwa. Watu hawakuuzwa tena hadharani, lakini waliokwisha kuwa watumwa waliendelea kuwa watumwa. Mwaka 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa yenyewe. Ilikuwa hatua kubwa, ila ilikuwa na mwanya. Masuria, yaani wanawake waliokuwa wakiishi ndani ya nyumba za mabwana zao, hawakuhesabiwa pamoja na wengine. Ilisemwa kwamba wao ni kama wake, ni watu wa nyumbani, na kuwagusa ni kuvuruga familia. Ilibidi ingoje amri nyingine, ya mwaka 1909, ndipo nao wafikiwe. Aliyelima karafuu shambani aliweza kudai uhuru wake miaka 12 kabla ya yule aliyekuwa chumbani.

Upande wa bara, Waingereza waliufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Mwaka uliofuata wakaleta sheria ya mabwana na watumishi. Chini ya sheria hiyo, mtumishi aliyeacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha angeweza kushitakiwa kama mhalifu. Kuvunja makubaliano ya kazi, jambo ambalo leo tunaliona ni la madai, kuliweza kumfikisha gerezani.

Siku hizo watumishi wengi wa nyumbani mijini walikuwa wanaume. Waliitwa maboi hata wakiwa na mvi na wajukuu. Hao nao hawakukaa kimya. Mwaka 1939 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walianzisha chama chao. Watu hudhani vyama vya wafanyakazi vilianzia bandarini na relini tu. Kumbe mtu aliyekuwa akipiga pasi mashati ya bwana mkubwa naye alikuwa ameanza kuuliza masaa yake na mshahara wake.

Baada ya Uhuru wanaume wakahamia viwandani na maofisini, na kazi ya ndani ikashikwa na wasichana. Boi akaondoka, akaja yaya, hausigeli, dada wa kazi, na kwa mzaha wa mtaani, beki tatu. Chama kilichokuwa cha watu wazima wenye sauti kikawapisha mabinti waliotoka vijijini mmoja mmoja, kila mmoja kwenye nyumba yake, asiyemjua wa nyumba ya pili.

Mlango huo huo katika nchi nyingine

Tungeweza kudhani kwamba jambo hili ni la kwetu peke yetu. Tulipotazama mbali tulikuta sheria za kazi zimetembea safari ndefu katika nchi nyingi, na zilipofika kwenye mlango wa nyumba zikasimama.

Marekani, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, Rais Roosevelt na Bunge walitunga sheria ambazo wafanyakazi wa nchi ile huzikumbuka hadi leo: bima ya uzeeni mwaka 1935, haki ya kuunda vyama mwaka huo huo, kima cha chini cha mshahara mwaka 1938. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani waliachwa nje. Katika majimbo ya kusini hao walikuwa kwa sehemu kubwa watu weusi, wajukuu wa watumwa. Mwanamke aliyefua na kulea watoto wa watu alingoja hadi mwaka 1974 ndipo sheria ya kima cha chini imfikie.

Lebanoni ilitunga sheria yake ya kazi mwaka 1946, na kifungu cha 7 kikawatenga watumishi wa majumbani. Katika nchi za Ghuba, ambako mabinti wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kutafuta riziki, umekuwepo mfumo wa kafala. Kibali cha mfanyakazi cha kuishi nchini kimefungwa kwa mwajiri wake, hivyo anayetoroka mateso huweza kuhesabiwa mkosaji. Huko nako mlango umeanza kufunguka. Kuwait ilitunga sheria maalumu ya wafanyakazi wa majumbani mwaka 2015, na Qatar mwaka 2017, zikitaja ukomo wa saa za kazi na siku ya mapumziko kila wiki. Sheria kwenye karatasi na maisha nyuma ya geti havilingani bado. Hata hivyo, kabla ya hapo hata karatasi haikuwepo.

Brazil iliufuta utumwa mwaka 1888. Mwaka 1936, katika mji wa bandari wa Santos, Laudelina de Campos Melo, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumishi wa ndani tangu utotoni, alianzisha chama cha kwanza cha wafanyakazi wa majumbani nchini mwake. Mabadiliko ya Katiba yaliyowapa haki karibu sawa na wafanyakazi wengine yalipita mwaka 2013. Mmoja wa waliobeba hoja hiyo bungeni alikuwa Benedita da Silva, ambaye naye aliwahi kufanya kazi za ndani. Kati ya 1936 na 2013 ni miaka 77. Laudelina alikuwa amekwisha kufariki.

Kesi iliyotugusa kuliko zote ni ya Afrika Kusini. Mwanamke mmoja alifanya kazi katika nyumba moja mjini Pretoria kwa miaka 22. Macho yake yalikuwa na hitilafu. Mwaka 2012, akiwa kazini, aliangukia kwenye bwawa la kuogelea la nyumba hiyo, na kwa kuwa hakujua kuogelea, akafa maji. Binti yake alipoomba fidia alikuta kwamba sheria ya fidia kwa walioumia au kufia kazini iliwataja wafanyakazi wa kila namna, ikawatoa wa majumbani. Angekufa kiwandani, wanawe wangelipwa. Shauri hilo, linalojulikana kwa jina la familia yake, Mahlangu, lilifika Mahakama ya Katiba. Novemba 2020 mahakama iliamua kwamba kuwatenga watu hawa ni kinyume cha Katiba, na kwamba uamuzi huo urudi nyuma hadi mwaka 1994, mwanzo wa Afrika Kusini mpya. Machi 2022, kima cha chini cha mshahara wao nacho kikalinganishwa na cha wengine.

Geneva, Juni 2011

Shirika la Kazi Duniani lilianzishwa mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa zaidi ya miaka 90 lilipitisha mikataba kuhusu mabaharia, wachimba migodi, wafanyakazi wa mashambani na wa viwandani. Mkataba kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani ulipitishwa tarehe 16 Juni 2011, ukiwa wa 189. Kura za ndiyo zilikuwa 396, za hapana 16, na 63 hawakuegemea upande wowote. Uruguay ilikuwa nchi ya kwanza kuuridhia, ikifuatiwa na Ufilipino, na ukaanza kutumika Septemba 2013.

Mambo yaliyomo ni ya kawaida kabisa. Mfanyakazi aelezwe masharti ya kazi kwa namna anayoielewa. Apate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Katika mapumziko yake asilazimishwe kubaki ndani ya nyumba. Hati zake za kusafiria azishike mwenyewe. Mtu anaweza kushangaa kwamba mambo haya yalihitaji mkataba wa kimataifa. Lakini Shirika hilo limekadiria kwamba watu milioni 75.6 duniani wanaishi kwa kazi hii, robo tatu yao wakiwa wanawake. Ni zaidi ya watu wote wa Tanzania.

Mwaka huo huo wa 2013 wawakilishi wao walikutana Montevideo, Uruguay, wakaunda shirikisho la kimataifa, na rais wake wa kwanza akawa Myrtle Witbooi wa Afrika Kusini, ambaye naye alianza maisha ya kazi jikoni mwa watu enzi za ubaguzi wa rangi. Katika historia hii yote tunaona jambo moja likijirudia: mlango haukufunguliwa na mwenye nyumba aliyeamka siku moja akiwa mwema. Ulifunguliwa kwa sababu waliokuwa ndani waligonga.

Sheria yetu

Tanzania ilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Tofauti na nyingi tulizozitaja, sheria hii haikumwacha mfanyakazi wa nyumbani nje. Inamhesabu mfanyakazi kama wengine. Wengi wetu hatulijui hilo, na tunadhani sheria za kazi ni za benki na viwanda.

Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 na likizo ya uzazi yenye malipo. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kama haelewi, aelezwe. Anayelipwa kwa mwezi akiachishwa anastahili notisi ya siku 28, naye pia anapoacha anapaswa kuitoa. Waajiri wanaolalamika kwamba dada ameondoka usiku bila kuaga, kilio chao sheria imekisikia. Lakini mtu hawezi kudai notisi ambayo yeye mwenyewe hakuiandika popote.

Kuhusu zile sahani zilizovunjika, sheria ina neno. Mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara kwa kujiamulia. Lazima amweleze mfanyakazi kwa maandishi, ampe nafasi ya kujitetea, asikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya ujira.

Upo pia kima cha chini. Amri ya mwaka 2013 ilitaja shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikapandisha kiwango hicho hadi 60,000, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Hivi havikuwa viwango vya utajiri. Vilikuwa sakafu, ambayo chini yake mtu hakupaswa kushuka.

Na lipo la mwisho, lililotunyima usingizi. Mfanyakazi aliyedhulumiwa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Akiwa ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri, na kwa madai mengine siku 60. Akichelewa, lazima aeleze sababu na kuomba akubaliwe. Sisi tulimwambia yule binti avumilie. Kila siku aliyovumilia ilikuwa inatoka katika siku zake 60. Tulidhani tunampa neno la imani, kumbe tulikuwa tunamfungia mlango.

Neno "mtoto wa nyumbani"

Ukiitazama historia hii kwa pamoja, utaona kwamba waliomwacha mfanyakazi wa ndani nje ya sheria mara nyingi hawakusema hastahili. Walisema maneno mazuri. Walisema ni mtu wa familia. Amri ya 1897 ilisema hivyo juu ya masuria, na mama mwenye nyumba alitwambia hivyo tukinywa chai yake.

Tusilidharau neno hilo. Wako mabinti wengi waliolelewa vyema katika nyumba za washarika, wakasomeshwa ushonaji, wakafungiwa ndoa kama watoto wa kuzaa. Lakini tuna vipimo. Mtoto wetu akivunja sahani, je, tunaikata wapi? Akiugua, tunamwandikia deni la dawa? Jumapili asubuhi tunapokwenda ibada ya kwanza, ni mtoto yupi tunayemwacha apike? Kama jibu la dada ni tofauti na la mtoto, basi huyo ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana haki ya mshahara wake. Upendo unaruhusiwa kuongeza juu ya haki. Hauruhusiwi kukaa mahali pake.

Maandiko hayakuwa kimya. Katika Kumbukumbu la Torati 5, amri ya Sabato inamtaja mtumwa na mjakazi kwa jina la kazi yao, na sababu inayotolewa ni kwamba nao wapumzike sawasawa na mwenye nyumba. Kisha Israeli wanakumbushwa kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Sura ya 24 inaagiza ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijachwa. Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele na Bwana anausikia. Naye Hajiri, mjakazi aliyekimbia nyumba ya mtu mwenye imani kuu, ndiye aliyempa Mungu jina la Yeye aonaye. Mungu alimwona akiwa jangwani, nje ya nyumba ya Ibrahimu.

Sisi Walutheri tuna ushuhuda mwingine tunaoupita haraka. Luther alifundisha kwamba kazi ya msichana wa ndani, ikifanywa kwa imani, ni kazi takatifu kuliko taratibu nyingi za watawa. Katika Katekisimu Ndogo, akieleza maana ya mkate wa kila siku, aliwataja watumishi waaminifu kuwa sehemu ya mkate huo. Na akifundisha namna ya kuungama, hakumwambia mtu atafute dhambi hewani. Alimtaka ajipime katika nafasi yake: kama ni baba, mama, mwana, binti, bwana, bibi au mtumishi. Tulilisoma hilo chuoni, tukalifanyia mtihani, tukafaulu. Hatukuwahi kulipeleka jikoni.

Tulipoanza nyumbani

Kabla ya kulisema jambo hili mimbarani ilibidi tuanze nyumbani mwetu. Sisi nasi tuna dada anayetusaidia. Mshahara wake tulikuwa tunaulipa, lakini tarehe ilitembea kulingana na hali, na karatasi haikuwepo. Siku yake ya kupumzika ilikuwa siku ambayo hakuna mgeni, na kwa mchungaji siku hiyo haipo.

Tuliketi naye jioni moja tukaandika ukurasa mmoja: kazi zake, saa zake, mshahara, tarehe ya kulipwa, likizo, notisi. Tulimsomea, akauliza maswali mawili, tukarekebisha. Tulipofika kwenye siku ya mapumziko tulikuwa tayari kuandika Jumapili ili aende ibadani. Akasema anaomba Jumatano. Jumatano kuna fundi anayefundisha ushonaji karibu na kituo cha daladala. Ibadani, alisema, atakwenda nasi ibada ya kwanza, kama chai ya wageni itamngoja arudi.

Tulikaa kimya kidogo. Tukaandika Jumatano, na tangu hapo wageni wetu wa Jumapili hungoja chai.

Tangu siku hiyo baraza la wazee limekubali kwamba kila Januari, tunapotoa bahasha za ahadi, kila mwajiri wa nyumbani ajiulize maswali matatu: nimeandika, nimelipa, nimempumzisha? Na binti akija ofisini na begi lake, tunamwuliza kwanza hesabu, tunamwonyesha njia ya CMA kama mambo hayaelewani, ndipo tunaomba pamoja naye. Maombi hayo tunayaona kuwa mepesi zaidi kwa sababu hayafichi kitu.

Yule binti wa kwanza bado tunadaiwa naye. Hatujui kijiji chake. Mungu, ambaye alimwona Hajiri, anakijua. Tunaomba atusamehe, na atupe macho ya kumwona yule aliye ndani ya nyumba zetu leo, ambaye tunaijua hata sauti ya hatua zake asubuhi anapowasha jiko.